Baridi ya Éliakim

Neno lile alilitamka Mama Élise mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya watu zaidi ya mia tatu.

"Aonje kwanza!" alisema. Alikuwa amesimama katikati ya benchi za wanawake, kilemba kimekazwa, kidole kimenyooka mbele. "Mutu akikukaribisha pombe kwake, anaonja yeye mbele, ndipo anakupatia kikombe. Njo desturi yetu tangu bababu. Papa Éliakim anapatia batoto betu sirop yake kila asubui. Nani hapa amemuona akiikunywa?"

Ukumbi wa parokia ukalipuka. "Aonje! Aonje!" Wanaume wakapiga miguu chini mpaka vumbi likapanda.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane, mwaka wa elfu mbili, baada ya misa ya pili. Butembo ilikuwa mikononi mwa waasi na askari wa kigeni waliowaleta, na mkutano wowote ulihitaji ruhusa. Padri Stanislas alikuwa ameiomba, kwa sababu mtaa mzima wa Kimemi ulikuwa umegombana majuma matatu: kwenye bomba la maji, sokoni, hata kati ya waimbaji wa kwaya. Ruhusa ilitoka kwa sharti moja, kwamba komanda wa mtaa awepo. Basi alikuwepo, kijana wa miwani myeusi, ameketi kwenye kiti cha maaskofu na bastola juu ya paja.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Éliakim, mfanyabiashara aliyejulikana kwa chumvi na vitenge, mwaka ule alikuwa ameleta kwa njia ya Kasindi, mpakani, mapipa ya bluu yaliyojaa sirop ya mahindi, nzito kama asali. Aliichanganya na maji na rangi nyekundu, akaitia katika vifuko vya plastiki, akaigandisha ndani ya frigo tano alizonunua Dubai, frigo kuukuu ambazo Wazungu walikuwa wamezitupa. Sukari ya kweli ilikuwa imepotea kwa sababu ya vita. Watoto wakaanza kufyonza vifuko vile njiani wakienda shule, wakirudi shule, na siku zisizo na shule.

Éliakim aliinuka polepole. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, Mprotestanti ndani ya ukumbi wa Wakatoliki, lakini hakuonyesha woga. Akatia mkono katika ndoo aliyokuja nayo, akatoa kifuko, akang'ata pembe yake, akafyonza mpaka plastiki ikanywea. Akaitupa mezani mbele ya Padri.

"Haya. Nimekufa?"

"Ngoja jioni!" mtu akapiga kelele nyuma, na watu wakacheka.

"Mnasema sirop ni ya mahindi, donc ni mbaya," Éliakim akaendelea. "Na bugali ya mahindi? Kama mahindi ni sumu, basi Vuhovi yote na mashamba yake ya mahindi ni makaburi!"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mama Élise akangoja kiishe. Hakuwa amesoma zaidi ya shule ya msingi, lakini miaka tisa tangu mumewe afe alikuwa akijitolea kwenye kituo cha afya, akipima watoto kwa mizani, akiandika kilo zao katika vijitabu. Macho yake yalikuwa yamezoea kuangalia bila haraka.

"Bugali mutoto anakula, anashiba, analala," alisema. "Sirop anafyonza, halafu bugali anaikataa. Mama naye anaona kanyamaza, anafikiri ameshiba. Minapima batoto ba Kimemi kila mwezi, papa. Tangu Pasaka banapunguka."

"Ni vita inabapunguza!"

"Vita iko myaka ine. Kifuko chako kiko myezi ine."

Wanawake wakapiga vigelegele. Hata Padri Stanislas alificha tabasamu nyuma ya mkono. Mama Élise akaketi, akiwa ameridhika na nafsi yake, na baadaye aliungama dhambi ile ya kuridhika.

Maana ndipo aliposimama mwalimu Zacharie, aliyefundisha kemia, na yeye hakuhangaika na sirop bali na frigo zenyewe.

"Ndani ya mirija ya frigo zile muko gazi," alisema. "Ikitoka haionekani, hainuki. Inapanda juu, inakaa kule muda mrefu kuliko umri wa wajukuu zenu, inafunika dunia kama blanketi. Joto la jua linaingia, kutoka linashindwa. Wazungu wenyewe walipatana kuacha kuitengeneza. Frigo zao za zamani wakazitoa nyumbani, na sisi tukazinunua. Fundi anakuja kwa Papa Éliakim kila mwezi kuongeza gazi. Mimi nauliza: ile ya mwezi uliopita imeenda wapi?"

"Mwalimu!" Éliakim akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mzungu ana frigo kila nyumba, myaka makumi tano. Mimi niko na tano. Na mvua ya Butembo ni miye nimeiiba?"

"Hapana wewe peke yako. Lakini Mzungu iko mbali, wewe njo uko karibu."

Mvua ilikuwa imechelewa kweli, na wakulima walikuwa wengi ukumbini. Manung'uniko yakaanza kupita kutoka benchi hadi benchi. Mzee Ézéchias, ambaye alikuwa na mashamba matatu na hakuna hata moja lililoota, akainuka akiegemea fimbo.

"Mama Élise amesema neno la kweli," akasema. "Mutu anaonja kitu chake mbele. Sirop ameonja. Ile gazi nayo aionje!"

Watu wakacheka kwanza. Kisha kicheko kikapungua, kikageuka kuwa kitu kingine. "Aionje! Apasue mrija hapa, mbele yetu, avute pumzi yake!"

"Hapana, hapana, sikilizeni!" Zacharie akapunga mikono. "Mtihani ule ni wa uongo. Atanusa na hamtaona kitu. Ubaya wa gazi ile hauko puani, uko juu! Na kuipasua ndiko kuiachilia!"

"Sasa mwalimu anaogopa!" mtu akamzomea.

Komanda akavua miwani yake. "Likambo te, hakuna shida," akasema kwa upole. "Neno nyepesi. Papa Éliakim anaonja gazi. Ikiwa nzuri, anauza, hakuna mutu wa kumusumbua tena. Akikataa, tunajua ni mbaya, frigo zote tano zinaenda kwenye kambi."

Éliakim alitazama miwani, akatazama bastola, akapiga hesabu kama mfanyabiashara. Frigo moja kwa kuokoa nne. Akawageukia wapagazi wake wawili waliokuwa mlangoni.

"Endeni kwenye depo. Leteni ile kadogo nyeupe, ile ya nyuma kabisa. Ile ndiyo imezeeka."

Mama Élise akahisi benchi inamkimbia chini yake.

Upande wa pili wa ukumbi, Keren, mke wa Éliakim, alikuwa amemkazia macho. Watu wawili tu ndani ya ukumbi ule walijua kilichokuwa ndani ya frigo ndogo nyeupe ya nyuma kabisa, nao walikuwa wakitazamana juu ya vichwa vya watu mia tatu.

Chanjo ya polio ilikuwa imefika Alhamisi. Muuguzi Ésaïe aliileta kutoka Beni kwa pikipiki, sanduku limefungwa mgongoni, matone ya watoto wote wa Vuhovi, kijijini nje ya mji. Mwezi wa tatu watoto wawili wa Vuhovi walikuwa wamelala na homa, wakaamka miguu imekufa, na mmoja alikuwa mtoto wa dada yake Élise. Kwa Jumanne na Jumatano zijazo pande zote zilikuwa zimekubali kunyamazisha bunduki ili watoto wapewe matone. Siku mbili, basi. Lakini frigo ya kituo cha afya ilikuwa ya kuwasha kwa mafuta ya taa, na mafuta yalikwisha Ijumaa asubuhi. Ésaïe akaenda kumwomba Éliakim nafasi kwenye baridi yake. Éliakim akakataa: "Batu wakisikia kuna dawa kati ya vifuko vyangu, kesho nafunga." Basi Ésaïe akapanda pikipiki kurudi Beni kutafuta mafuta, na saa ile ile mapigano yakafunga njia nyuma yake. Neno lake la mwisho lilikuwa: "Mama Élise, nakuachia. Usimwambie mutu. Askari wakijua, watauza."

Ijumaa jioni Keren alikuwa amekuja kwa Mama Élise, kwa mlango wa jikoni. "Mume wangu amekataa," alisema. "Miye sijakataa." Wakaweka chupa ndogo zile chini kabisa ya frigo ndogo nyeupe, ndani ya mfuko mweusi, pamoja na vipande vya barafu vya sanduku, na juu wakapanga vifuko vyekundu.

Ndiyo kusema kwamba kwa siku mbili Mama Élise alikuwa akimtukana Éliakim kwa mdomo huku akila baridi yake kwa siri. Alikuwa amejua hivyo alipokuwa anasimama kusema. Alikuwa amejiambia kwamba sirop ni kitu kimoja na baridi ni kingine.

Depo haikuwa mbali. Akahesabu Salamu Maria kwa vidole chini ya kitenge, na hakuwa amefika kumi la pili aliposikia magurudumu ya chukudu, kigari cha mbao cha kusukumia mizigo, yakilia nje. Wapagazi wakaiingiza frigo, wakaiweka mbele ya altare ndogo. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mpira, mizunguko minne.

"Nani amefunga hii?" Éliakim akauliza.

"Miye," Keren akasema haraka. "Mlango wake umelegea. Usiufungue, vifuko vitaanguka."

"Sina haja ya mlango. Mrija uko nyuma."

Akaigeuza frigo ukutani, mgongo wake ukatazama watu: waya mweusi wa vumbi, na chini yake mrija mwembamba wa shaba uliojikunja. Akatoa koleo mfukoni. Watu wa nyuma wakapanda juu ya benchi ili waone. Zacharie alikuwa amemshika Padri mkono, anamnong'oneza kwa nguvu, Padri anatikisa kichwa kuelekea komanda, kama kusema: na miye nifanye nini?

Mama Élise alijua mambo mawili. Mrija ukikatwa, frigo ile haitapoa tena kamwe. Na akisema kilicho ndani, kuna komanda pale, na kuna akina mama mia moja ambao nusu yao walikuwa wamesikia kwamba matone yale yanafunga uzazi. Akifumba mdomo, labda baada ya kelele hizi Keren angeweza kuzitoa chupa na kuzihamisha kwenye frigo nyingine. Labda. Lakini komanda alikuwa amekwisha kuiangalia frigo ile kama mtu anayeangalia mbuzi wa jirani. Ingepelekwa kambini hata ikiwa imekufa, pamoja na vyote vilivyomo.

Koleo likashika shaba.

"Hapana kata!"

Hakujua kama amepiga kelele au amesema tu. Alijikuta mbele, mgongo wake umeegemea frigo, anahema.

"Mama," Éliakim akasema, akishangaa, "si wewe umetaka nionje?"

"Ni miye."

"Sasa?"

"Ndani muko chanjo ya batoto ba Vuhovi. Ya polio. Nimeiweka miye, tangu Ijumaa. Hapana kata, papa. Baridi hii ikikufa, inakufa nayo."

Sauti zikaja zote pamoja.

"Dawa? Ndani ya vifuko vya batoto?"

"Yee anatukataza sirop, kumbe naye ni mpangaji kwa Éliakim!"

"Mama Élise, na kodi unalipa?"

Akayapokea yote amesimama. Hilo la kodi ndilo lililochoma, kwa sababu alilitoa mwanamke wa shirika lake mwenyewe, aliyesali naye rozari kila Jumatano.

Komanda akainuka. Akaja polepole, akamsogeza Mama Élise kwa mgongo wa mkono kama mtu anayesogeza pazia, akaigeuza frigo, akakata mpira kwa kisu. Vifuko vikaanguka miguuni pake, vyekundu, vikateleza kwenye sakafu. Akauchomoa mfuko mweusi, akaufungua, akachukua chupa moja ndogo, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii inauzwa pesa ngapi?"

"Haiuzwi, komanda," Mama Élise akajibu. "Angalia karatasi yake. Kuna duara, na katikati kuna mraba mudogo. Mraba ungali mweupe, matone yangali mazima. Ukiishika hivi kwenye jua, mraba unakuwa mweusi kama duara, na matone ni maji tu. Hakuna mutu wa kununua maji."

Komanda akaangalia mraba. Akaangalia vifuko sakafuni. Akairudisha chupa ndani ya mfuko, mfuko ndani ya frigo, akaufunga mlango kwa goti. "Bon. Ni yako, Papa Éliakim. Sema."

Na hapo Éliakim, ambaye alikuwa ameaibishwa mbele ya watu na mkewe aliyeifunga kamba ile, akaona mlango wa kutokea. Koleo lilikuwa bado mkononi.

"Mama Élise," akasema, na sauti yake nyembamba ikawa tamu. "Miye hapana mutu mubaya. Grupu yangu ya umeme itanguruma mpaka Jumanne asubui, mafuta ni yangu, sitaomba kitu. Chanjo yako italala kwa baridi kama mutoto wa mfalme. Neno moja tu nataka. Wewe umeniharibia jina mbele ya batu hawa. Mbele ya batu hawa hawa, useme: sirop ya Éliakim ni nzuri kwa batoto. Basi. Nitaacha koleo."

"Na ukikataa?" komanda akamuuliza Mama Élise, kana kwamba mchezo ulianza kumpendeza.

"Akikataa," Éliakim akadakia, "atoe vitu vyake kwenye frigo yangu. Sasa hivi."

"Sema tu, mama!" wanawake wakamwita. Hata yule wa kodi. "Ni neno tu! Mungu anajua moyo wako!"

Ilikuwa saa nane mchana. Jumanne ilikuwa mbali. Ndani ya sanduku la baridi barafu ingeshika siku mbili, labda, kama jua halikuwa kali, kama hakuna aliyelifungua. Njia ya Vuhovi kabla ya Jumanne hakuna aliyeahidi kitu juu yake. Na huku, neno moja. Alilisikia limekwisha kutengenezwa kinywani mwake, laini, jepesi kumeza. Akamfikiria mtoto wa dada yake anayejiburuta uani kwa mikono. Mungu angemsamehe, juu ya hilo hakuwa na shaka hata kidogo.

Halafu akatazama benchi za nyuma. Pale waliketi wanawake wa Vuhovi waliokuja na magunia ya soko la Jumamosi wakalala kwa ndugu zao. Aliwajua kwa sura. Jumanne angesimama milangoni mwao na kuwaambia: fungueni vinywa vya watoto wenu, kitu hiki ni kizuri.

"Siwezi," alisema.

"Mama!"

"Sikilizeni. Miye hapana mwalimu, hapana muuguzi. Sina karatasi ya kuonyesha. Nikifika kwa mutu na matone haya, ananiuliza: ni mazuri? Namwambia: ni mazuri. Ananiamini, anafungua mutoto kinywa. Leo nikisema sirop ni nzuri, na sivyo ninavyoona kwenye mizani, Jumanne nitasema na kinywa gani? Matone yatabaki mazima, na hakuna mutu atayapokea." Akamgeukia Éliakim. "Baridi yako ni nzuri, papa. Hilo nalisema mbele ya wote. Nimeila kwa siri, nimekukosea, unisamehe. Ningekuja kwako miye mwenyewe kukuomba, na sikuja, kwa kiburi. Lakini sirop, hapana. Hilo siwezi kukupatia."

Éliakim alikuwa mtu wa biashara. Alijua jina la mtu linavyojengwa na linavyobomoka. Kwa kitambo kidogo ilionekana kama angesema kitu kingine. Kisha mtu mmoja akacheka nyuma, na shingo yake ikawa ngumu.

"Toa vitu vyako."

Aliyepiga magoti kwanza mbele ya frigo hakuwa Mama Élise. Keren alipita mbele ya mumewe bila kumtazama, akafungua mlango, akaanza kutoa vipande vya barafu na kuvipanga ndani ya sanduku ambalo mtu alikuwa amekwenda mbio kulileta kutoka kituo cha afya. Chini barafu, katikati chupa, pembeni barafu, juu barafu. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa baridi na rangi ya vifuko.

"Keren," Éliakim akasema.

"Ijumaa niliifungua kwa siri, Papa Ornella," akajibu kwa jina la mtoto wao. "Leo naifungua mbele yako. Ni mbaya kuliko ya Ijumaa?"

"Hii nyumba iko na komanda mwingine!" komanda akasema, na akacheka peke yake. Kisha akapiga vidole, na askari wawili wakaingia. "Bon. Gazi haijaonjwa. Frigo hii tunaipeleka kambini kwa uchunguzi."

"Komanda, lakini ulisema..." Éliakim akaanza.

"Nimesema nini?"

Hakuna aliyemkumbusha. Frigo ndogo nyeupe ikatoka ukumbini juu ya mabega ya askari, mlango ukipigapiga, na vifuko vilivyobaki ndani yake vikidondoka kimoja kimoja njiani mpaka nje, ambapo watoto walikuwa wakingoja. Padri Stanislas akafunga mkutano kwa Baba Yetu. Walikutana tena Jumapili iliyofuata, na nyingine, na mpaka leo Kimemi haijakubaliana: wako wanaoapa kwa sirop, wako wanaochapa watoto wao wakiiona mikononi, na mwalimu Zacharie bado anauliza fundi gazi ya mwezi uliopita imeenda wapi.

Lakini siku ile Mama Élise hakungoja hata Amina. Alijifunga sanduku mgongoni kwa kitenge, kama wanavyobebwa watoto, akatoka kwenye jua.

Hakuwa ameenda hatua hamsini aliposikia miguu nyuma yake. Alikuwa mmoja wa wanawake wa Vuhovi, kijana, mrefu, kapu tupu kichwani.

"Mama Élise, njia ile unaenda peke yako?"

"Niko na wa kunilinda."

"Najua. Mais na Yeye anapenda batu batembee wawili." Akashika mwendo kando yake. "Naitwa Anne-Marie. Minakuambia kweli: kwangu ulikuwa hutaingia. Bwana wangu Kambere ameapa, matone yale hayafiki kwenye kinywa cha mutoto wake. Na miye nilimuunga mkono."

"Na sasa?"

"Sasa twende. Tutaona."

Walipita njia za mashamba, wakiacha barabara kubwa. Mara mbili walilala kati ya mabua makavu ya mahindi, uso chini, Mama Élise akiwa amelifunika sanduku kwa mwili wake, huku watu wenye bunduki wakipita juu ya kilima wakizungumza kwa sauti ya kawaida juu ya tumbaku. Mara ya tatu walikutana nao uso kwa uso: vijana watatu, majani kichwani, mmoja ana mkuki tu.

"Muko nini ndani?"

"Dawa ya batoto," Mama Élise akasema.

"Ya batoto ba nani?"

"Ba wote. Na wako, kama uko naye."

Yule wa mkuki alikuwa na umri wa kuwa mtoto mwenyewe. Akagonga sanduku kwa ncha ya mkuki, akasikia sauti ya barafu, akawaonyesha njia kwa kidevu.

Walifika Vuhovi jua likiwa bado juu ya migomba. Kambere alikuwa mlangoni pa nyumba yake, akinoa panga. Mtoto wao, wa miaka miwili, alikuwa ameketi kwenye vumbi kati ya miguu yake. Aliliona sanduku, akaacha kunoa.

"Leo hapana Jumanne," alisema.

"Hapana," Mama Élise akajibu. "Barafu haitangoja Jumanne."

"Na nani amekutuma?"

"Papa Ephraïm," Anne-Marie akasema, "mwache apumzike kwanza. Nimemuona huyu leo kwa macho yangu. Batu mia tatu banamusihi aseme neno moja la uongo, apate kulaza chanjo yake kwa baridi mpaka Jumanne. Amekataa. Amekuja na miguu."

Kambere akamtazama mkewe, kisha akamtazama mwanamke yule mzee aliyejaa udongo kuanzia kilemba hadi vidole vya miguu.

"Mama. Dawa hii ni nzuri? Unajua kabisa?"

"Juu ya mambo mengi sijui," Mama Élise akasema. "Juu ya hii najua. Mutoto wa dada yangu iko nyumba ya tatu pale, mutazame miguu yake. Hakuipata."

Kuku mmoja akapita kati yao. Kambere akaliweka panga chini, akapangusa mikono kwenye suruali yake, akachuchumaa nyuma ya mtoto, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akamwinua uso.

"Ephraïm," akasema, "fungua."